Sauti Iliyongoja Jibu Kwenye Skana ya Kituo cha Chai

Nakumbuka alasiri moja ya mvua ya mawe, mwanangu, watu wazima na akili zao walipoizunguka skana kwenye kituo chetu cha kuuzia majani chai na kuanza kuiita kwa majina ya wafu. Kumbe aliyekuwa ndani ya ile sauti alikuwa mtu hai, maji yakimpanda kifuani. Nakuambia hilo mapema ili usikae hapo ukijiuliza mzee anaelekea wapi. Siku hiyo nusura tumpoteze mtu aliye hai kwa sababu tulikuwa tunamtafuta aliyekufa. Basi toa hicho kitu masikioni, kaa vizuri, unisikilize.

Na usione mvi hizi ukadhani nasimulia habari za enzi za mkoloni. Mambo haya ni ya juzijuzi, ila ujana wangu ulichelewa kuisha. Mama yangu alikuwa akisema hivyo mbele ya wageni, bila haya, kwamba huyu mtoto wangu ana ndevu na bado hajaoa, anakumbatia redio tu. Nilikuwa na kibanda changu pale Sotik, natengeneza simu, redio na spika za makanisa. Nyumbani kwetu ni upande wa Ndanai, kule bondeni, na shamba letu la chai lilikuwa juu, karibu na kile kituo.

Wewe unakunywa chai tu, hujui inavyomsumbua mkulima. Majani ukishayachuma hayakungoji. Yakikaa ndani ya gunia yanashika joto, yanageuka mekundu, na karani akiyaona hivyo anayasukuma pembeni, jasho lako lote linakwenda bure. Lori la kiwanda nalo lilikuja lilipotaka. Leo mapema, kesho jioni, kesho kutwa halionekani. Mama zetu walikaa chini ya mabati wakitazama barabara mpaka shingo zinauma. Madereva waliongea na kiwanda kwa redio, maana simu kwenye mabonde yale haishiki. Wakulima wakaona, aa, tukiwasikia madereva wakiongea tutajua lori limefika wapi, na mtu atajua kama achume sasa au angoje kidogo. Ndipo nikatumwa mjini kuleta skana.

Skana ni redio ndogo tu, ila yenyewe hainyamazi mahali pamoja. Inapita hewani, wimbi hadi wimbi, mpaka ikute mtu anaongea, halafu inasimama kumsikiliza. Kuongea haiwezi. Ina masikio, mdomo haina. Mkubwa wa kiwanda tulimwomba ruhusa, akacheka, akasema sikilizeni tu, mradi msiwatukane madereva wangu barabarani. Tukaitundika kwenye nguzo, juu ya mizani.

Dereva wa njia yetu siku zile alikuwa Kiplangat, mtoto wa Kogo Tabutany. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu, na huyu alikuwa kogo wa kijiji kizima, ndiye aliyepokea watoto wengi wa pale kwa mikono yake. Kiplangat alikuwa mtu wa utani. Hata akiongea na kiwanda alikuwa anacheka, kicheko cha kukatikakatika kama pikipiki inayokataa kuwaka. Sote tulikijua. Wanawake walikuwa wakikisikia kwenye skana wanafunga magunia yao, wanasema haya, huyo anakuja.

Halafu mvua ndefu zikaja, na mto ukamchukua yeye na lori lake pale kwenye daraja la chini. Tulimpata siku ya pili, tukamzika. Kogo hakulia mbele ya watu. Alisimama kando ya kaburi na fimbo yake, amekaza uso, na mambo yalipokwisha akaenda nyumbani kukamua ng'ombe. Watu walinong'ona kwamba yule mama ana moyo wa jiwe. Mwanangu, usimpime mtu kwa machozi yake.

Baada ya msiba kiwanda kikaleta mambo mapya. Redio za zamani zikatolewa, zikaja za dijitali. Mlingoti mmoja wa kurushia sauti ukabaki pale kiwandani, na mwingine ukasimamishwa kwenye kilima cha ng'ambo, ili hata mabonde yapate sauti. Dereva mpya akaja pia, jina lake Owino, Mjaluo kutoka upande wa ziwa, mtu mpole ambaye hata Kiswahili chake alikuwa anakisema polepole asije akamkosea mtu. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Skana yetu ilikuwa ya kusikia redio za aina zote, lakini tangu hizo mpya zianze iliharibika lugha.

Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa sauti ya mtu, hiyo huwezi kukataa. Ilipanda na kushuka kama mtu, ilivuta pumzi kama mtu. Lakini maneno hayakuwepo. Ilikuwa kama mtu anayeongea na uji wa moto mdomoni, halafu katikati inapasuka vipande, inatetemeka, inalia kama bati linalokunjwa, kisha kimya. Ng'ombe waliofungwa nyuma ya kituo walikuwa wakiisikia wanaacha kula. Mbwa wa karani alihama kabisa, akawa analala kule kwenye duka.

Palikuwa na mama mmoja mchumaji hodari, Rael, ambaye mdomo wake Mungu alisahau kuuwekea breki. Siku moja sauti ile ilipokatikakatika, Rael aliweka gunia chini akashika mashavu. "Woi!" akasema. "Hicho si kicheko cha Kiplangat?"

Basi ikawa imekwisha. Jambo likishatiwa sikioni halitoki. Kila mtu akakisikia, na mimi fundi mzima nikakisikia. Kilikuwa chenyewe kabisa. Tangu siku hiyo watu wakaanza kumwaga majani yao mbali na ile nguzo. Mzee mmoja akasema amesikia ndani yake marehemu kaka yake akidai ng'ombe. Mchungaji akaitwa aombe, na sisi ni watu wa kanisa, tulivua kofia tukainamisha vichwa. Katikati ya maombi skana ikacheka. Mchungaji akasema amina mapema kuliko siku zote, akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea.

Na mimi je? Mimi nilikuwa naongeza. Nilifikiri sauti ni dhaifu, nikaleta antena ndefu. Ikazidi kuharibika. Nikaifunga juu ya mti mrefu wa mlingoti ambao niliusimika mwenyewe juu ya paa, ikazidi. Nikaleta na kile kidude cha kukuza mawimbi. Kila nilipoongeza, yule mtu wa ndani alizidi kukatika. Kijana akiwa na kazi ya mikono ana ugonjwa mmoja, anaamini kila kitu kinapona kwa kuongezewa. Jambo moja lilikuwa linanisumbua kichwani lakini nikalipuuza: nikienda na skana hiyo hiyo nyumbani kwetu bondeni, na antena yake fupi ya kawaida, ilikuwa inasema safi. Nilijiambia ni bahati tu.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Mvua ya mawe ilianza mara tu baada ya chakula cha mchana. Unajua mawe ya huku kwetu hayana huruma, yanachana chai kana kwamba mbuzi elfu wamepita. Ikapiga, ikapiga, halafu ikakatika ghafla, na baada yake pakawa na kimya ambacho sijakisikia tena. Hakuna ndege, hakuna mdudu. Barafu ilikuwa imelala kati ya mistari ya chai, nyeupe, na ukungu ukaanza kupanda kutoka mtoni, unatembea polepole juu ya majani mpaka ukafika kwenye kituo ukaingia ndani kama mtu mwenye haki ya kuingia. Tulikuwa watu kiasi pale, tumejikunja na baridi. Majani yalikuwa yamepimwa tayari. Lori halijafika.

Ndipo skana ikaanza.

Siku nyingine ilikuwa inaongea kidogo inanyamaza. Siku hiyo haikuacha. Inalia, inakatika, kimya. Inalia tena, inakatika, kimya. Na haikucheka. Hilo ndilo lililotutisha zaidi, kwamba haikucheka. Karani wa kituo alijaribu kupiga simu kiwandani, haikushika. Akarudisha simu mfukoni akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia antena yangu juu ya paa kana kwamba itanijibu.

"Huyu mtu anataka kitu," Rael akasema. "Kiplangat anataka kitu. Ama ni mwingine. Tumuite tujue ni nani."

Hapa lazima nikufafanulie, maana nyinyi watoto wa hospitali hamjui. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wakubwa humzunguka na kuanza kutaja majina ya watu wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine, polepole. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi, na jina hilo linakuwa lake la ndani, la nyumbani, ambalo watu wa barabarani hawalijui. Wengine huweka ugoro kidogo puani pa mtoto ili mambo yaharakishwe, lakini hilo usiseme nimesema mimi. Kanisa halipendi, ila hata wazee wa kanisa wana majina hayo. Na aliyekuwa akiongoza kazi hiyo pale kwetu ni Kogo Tabutany.

Wakamtuma mtu kumwita, nyumba yake haikuwa mbali. Lakini hawakumngoja. Hofu haina subira. Rael akaanza na wazee wa zamani, akasimama chini ya skana, akatamka jina la kwanza kwa sauti ile ya kuitia watoto wachanga, laini, ndefu. Akanyamaza.

Skana ikajibu.

Rael akataja jina la pili, akanyamaza. Ikajibu. Wanawake wengine wakajiunga, sasa wanaita kwa pamoja, jina na kimya, jina na kimya, na kila kimya kile kitu kinajibu kwa sauti yake ya kupasuka. Ukungu umejaa ndani, sioni hata uso wa karani vizuri. Mama mmoja akaanza kulia. Walimaliza wazee wa zamani, wakaanza waliokufa karibuni, na kila mmoja pale alijua wanaelekea kwa nani. Rael akavuta pumzi kulitaja jina la Kiplangat.

"Koma hapo!"

Kogo Tabutany alikuwa amesimama mlangoni, shuka yake imelowa, fimbo ameinua. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Hakuna aliyethubutu kumwamkia. Aliingia mpaka chini ya nguzo, akainua uso, akasikiliza. Skana ikalia, ikakatika, ikanyamaza. Yeye akangoja. Ikalia tena. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa, na uso wake, mwanangu, ulikuwa uso wa mtu anayetazama mlango akitumaini. Nilimwona. Sote tulimwona. Halafu akageuka.

"Majina huitwa kwa nani?" akauliza.

"Rael, nimekuuliza. Majina huitwa kwa nani?"

"Kwa mtoto, Kogo."

"Mtoto aliyekufa?"

"Hapana, Kogo. Aliyezaliwa."

"Anayepiga chafya ni aliye hai. Mimi nimeita majina tangu mama zenu wakiwa wasichana, na maiti hajawahi kunipigia chafya. Na nyinyi mna masikio ya kupambia tu? Hamumsikii anavyofanya? Anaongea, ananyamaza. Anaongea, ananyamaza. Anangoja kujibiwa! Wafu hawangoji kujibiwa. Mtu hai anawaita, na nyinyi mmekaa hapa mnamtafutia jina." Fimbo ikanigeukia mimi. "Na wewe mwenye ndevu mbili! Wewe si fundi? Kazi yako hapa ni kuogopa ama ni kutengeneza?"

Nimekemewa na watu wengi maishani, pamoja na mke wangu niliyempata baadaye, asante Mungu. Lakini kemeo lile liliniingia mpaka kwenye mifupa. Akili ikarudi. Na iliporudi, ilirudi na lile jambo la nyumbani kwetu bondeni. Kule tulikuwa tumejificha nyuma ya kilima, tunauona mlingoti mmoja tu. Hapa juu tulikuwa tunaiona yote miwili. Milingoti miwili inasema neno lile lile, lakini mmoja uko karibu na mwingine uko mbali, kwa hivyo neno linafika mara mbili, la pili linalikanyaga la kwanza kisigino. Redio ya zamani ingevumilia. Ya dijitali haivumilii, inashindwa kujua imfuate nani, inatoa vipande. Na mimi siku zote nilikuwa naipandisha juu ili iione yote miwili vizuri zaidi! Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu, na mimi nilikuwa nimeshika zote mbili kwa nguvu kweli kweli.

Nikapanda kwenye meza, nikachomoa waya wa antena ndefu, nikaitoa skana kwenye nguzo. Nikakichomoa na kile kidude cha kukuza, nikaweka antena fupi ya kidole, nikabonyeza kitufe cha kupunguza nguvu ya kupokea. Nikatoka nje mbio. Nyuma ya kituo palikuwa na tangi la maji la bati, kubwa. Nikaliweka kati yangu na mlingoti wa kiwandani, nikachuchumaa juu ya barafu, nikaikumbatia ile redio tumboni, mgongo nikaugeuza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watu wakanifuata, wakasimama kwenye ukungu.

Ikalia kidogo. Nikasogea hatua moja kando. Na ghafla, karibu kabisa, kana kwamba mtu amechuchumaa hapo hapo nami:

"Kiwanda. Kiwanda. Owino hapa. Lori imeanguka darajani. Maji iko kwa kiti. Mlango imekataa." Kimya. Halafu, polepole, na adabu yake ile ile: "Kama kuna mtu anasikia, tafadhali. Maji iko kwa kifua sasa. Kiwanda?"

Rael alipiga ukelele. Lilikuwa daraja lile lile. Nilibonyeza redio mdomoni nikapiga kelele, "Owino, tumekusikia, tunakuja!" kama mjinga, na nimeshakuambia skana haina mdomo. Kogo alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akilia wala akishangaa. Alisema neno moja tu, kwa Kipsigis, lugha yetu, neno la kuwafukuza ng'ombe, na watu wote wakakimbia.

Mungu ana njia zake. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe kutoka Chebunyo alikuwa amesimamisha pikapu yake dukani kukwepa mawe, na nyuma alikuwa na kamba za kufungia ng'ombe, tele. Tulimrukia kabla hajauliza. Tukashuka na ile pikapu ikiteleza kwenye barafu na matope mpaka mtoni. Lori lilikuwa limelala ubavu kwenye nguzo za daraja, maji mekundu yanapita juu ya boneti, magunia ya chai yanaelea kama mizoga ya nguruwe. Owino alikuwa ametoa kichwa na mkono mmoja dirishani. Mkono mwingine ulikuwa bado umeshika kile kipaza sauti cha redio.

Sitaki kujisifu, wala sina la kujisifia, maana aliyeingia majini ni yule mchuuzi. Alifungwa kamba kiunoni akaenda, sisi tukashika mwisho wake, na nilisikia misuli ya mgongo ikilia. Alimfunga Owino, akalipiga teke dirisha lililokuwa limefunguka nusu, tukavuta. Walipofika ukingoni wote wawili, lori liligeuka mara moja, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, likaenda zake. Tulilitazama tu.

Baadaye tulijua kwamba radi ilikuwa imepiga redio ya ofisi ya kiwanda. Milingoti ina betri zake, kwa hivyo ilikuwa inabeba sauti ya Owino na kuitupa juu ya milima yote, lakini pale kiwandani hapakuwa na wa kuipokea. Katika nchi yote ile, sikio lililokuwa wazi lilikuwa moja, na sikio hilo lilikuwa letu, na sisi tulikuwa tunalitajia majina ya wafu.

Ungedhani habari imeishia hapo. Hata mimi ningependa iishie hapo.

Tulimleta Owino kituoni, moto umewashwa kwenye jiko la karani, amefunikwa mablanketi, meno yanagongana. Wanawake wamempa chai ya maziwa, anashika kikombe kwa mikono miwili. Alipoweza kuongea alituangalia, akamwangalia Rael, akauliza, kwa Kiswahili chake kile cha polepole, "Wale mama walikuwa wananiitia nani?"

"Mama gani?" karani akauliza.

"Kwa redio. Nilikuwa nikiita kiwanda, nikinyamaza nisikie jibu, nasikia mama wanaita watu. Jina moja, halafu wananyamaza. Jina lingine, wananyamaza. Nikafikiri ni nyinyi mnajibu, nami nikajibu tena." Akataja mawili, matatu. Aliyataja vibaya, maana Kipsigis si lugha yake, lakini yalikuwa yenyewe. Yale yale aliyoanza nayo Rael.

Nilikuwa nimeishika skana mikononi. Niliigeuza nyuma nikaitazama, nikaigeuza mbele. Mimi ndiye niliyeinunua. Najua kila waya wake. Haina mdomo, mwanangu. Mpaka leo nimewauliza mafundi walionizidi, wengine wananicheka, wengine wananyamaza.

"Halafu wakaacha," Owino akasema. "Mimi nikachoka. Mkono ulikuwa unaachia dirisha, nakwambia ukweli, nilikuwa naachia. Ndio nikasikia mama mmoja mzee akaita mara moja tu. Akasema, Malel. Alikuwa anaita kama mtu anaita mtoto yake arudi nyumbani. Mimi sijui Malel ni nani. Lakini nikasema, yawa, kama kuna mama anaita hivyo, wacha nishike tena." Akanywa chai. "Malel ni nani?"

Hakuna aliyekuwa ametaja jina hilo. Rael hakulitaja, na hata angetaka hangelitaja, kwa sababu hakulijua. Nilikuwa nasema moyoni hakuna mtu anayelijua, ndipo nikaona Kogo Tabutany ameketi chini juu ya magunia, fimbo imemwanguka.

"Mimi," akasema. "Ni mimi niliyemwita. Hapo chini ya nguzo. Lakini sikufungua mdomo."

Malel lilikuwa jina la ndani la Kiplangat, lile alilopigia chafya akiwa na siku chache duniani, mikononi mwa mama yake. Na yule mama aliyesimama kando ya kaburi na uso mkavu, alilia hapo. Alilia kwa sauti, mbele yetu sote, na Owino, mtu wa watu, ambaye hakuwa ameelewa bado, aliweka kikombe chini akaenda akakaa naye, na blanketi lake lenye maji akamfunika nalo. Hakuna aliyewasogelea. Tulitoka nje mmoja mmoja tukawaacha.

Basi sikia, mwanangu, neno lenyewe. Utakutana na sauti nyingi zisizoeleweka. Nyingine zitatoka kwenye vyombo vyako, nyingine kwa mke wako, nyingine kwa jirani anayekupigia mlango na hajui aanze vipi. Usiharakishe kuzipa jina. Tazama kwanza kama zinangoja jibu. Chochote kinachongoja jibu ni kiumbe hai, na aliye hai haulizwi ni nani kabla ya kuokolewa. Na ukitaka kumsikia vizuri, usikimbilie kuongeza. Punguza. Inama. Weka kitu kati yako na kelele za upande mwingine, hata kama upande huo nao unasema kweli, umsikie mmoja mpaka amalize.

Na kama una mtu wako aliyetangulia, na moyo wako unamwita kila sauti ikikwaruza gizani, sitakukataza. Kogo hakujikataza. Alitamani ile sauti iwe ya mwanawe, akatamani kuliko sisi sote, na bado akasema kweli, akatuma watu wakamtoe mtoto wa mama mwingine. Huo ndio utu, mwingine siujui. Mwite wako moyoni, lakini miguu yako iende kwa aliye hai.

Mungu akupe sikio pana na ulimi mfupi. Akupe mikono isiyotetemeka kazi ikikuita, na siku maji yakikufika kifuani, awepo mtu juu ya kilima aliyechuchumaa kwenye baridi akikusikiliza wewe tu. Enda salama.